Maswali ya Wasomaji: Safari za Pamoja na Klabu za Magari ya Spoti

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni klabu za wapenzi wa magari ya spoti jijini Dar es Salaam na safari wanazofanya pamoja mwishoni mwa wiki. Tumechagua tano, na majina ya walioandika tumeyahifadhi kama walivyoomba.

Waliniacha Mlandizi

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Tabata, na nina Toyota Altezza niliyoinunua kwa akiba yangu mwenyewe. Nilijiunga na klabu moja ya magari ya spoti, na safari yangu ya kwanza ilikuwa ya kwenda Morogoro siku ya Jumapili. Tulikutana sheli moja ya Kimara tukiwa magari kumi, tukapiga picha, tukaondoka kwa shangwe, nami nikiwa wa mwisho. Kufika Mlandizi sikumwona tena mtu mbele yangu. Nilikazana kuwafuata hadi nikapigwa tochi na trafiki na kulipa faini. Nilipofika Morogoro wenzangu walikuwa wamekwisha kula, wakanicheka na kusema gari langu ni la kuendea sokoni. Je, niendelee nao, au mimi ndiye nisiyefaa?*

Marahaba, binti yetu. Pole kwa faini, na pole zaidi kwa kuchekwa, kwa sababu faini hulipwa ikaisha, lakini dharau ya watu uliowafuata kwa mapenzi hukaa moyoni. Mwendo uliozidi ni wako na umekwisha kuulipia. Kuachwa, hata hivyo, si kosa lako hata kidogo. Ni kosa la aliyeongoza msafara, na nitalieleza kwa kirefu kwa kuwa klabu nyingi hudhani anayebaki nyuma ni dereva dhaifu, ilhali hesabu yenyewe inasema vingine.

Chukua magari kumi yanayokwenda kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hupita mita 22 kila sekunde, kwa hiyo nafasi ya sekunde mbili kati ya gari na gari, ambayo ndiyo ya chini kabisa barabara ikiwa kavu, ni takriban mita 44. Ukijumlisha nafasi zote tisa na urefu wa magari yenyewe, msafara unakaribia nusu kilomita. Sasa linakuja tuta. Kiongozi anapunguza mwendo, anavuka, anakanyaga mafuta na kurudi kwenye 80. Magari ya spoti yako chini, na madereva wengi hulikata tuta mshazari ili bampa lisikwaruze, hivyo tuseme kila gari linachukua sekunde tano. Wa kumi anapomaliza kuvuka, sekunde 45 zimepita na kiongozi yuko kilomita nzima mbele yake. Ili amfikie, huyo wa kumi analazimika kwenda kasi kuliko wote, na kabla hajamfikia, matuta na rasta za makazi yanayofuata zimekwisha kuwadia, na 50 inarudi kwenye vibao. Kutoka Kibaha hadi Chalinze jambo hilo hujirudia mara nyingi, na kila mara anayebeba gharama ni gari la mwisho. Wakakuweka wewe mgeni mahali pagumu kuliko pote, kisha wakakucheka kwa kuwa palikuwa pagumu.

Msafara unaoendeshwa vizuri hufanya kinyume. Madereva wawili wazoefu kuliko wote hushika mwanzo na mwisho, na mgeni huwekwa wa pili, nyuma ya kiongozi, ambako mwendo hutulia. Baada ya kila tuta kiongozi hubaki kwenye 60 mpaka gari la mwisho limwarifu, kupitia abiria mwenye simu na si kupitia dereva, kwamba wote wamevuka. Kila dereva anawajibika kwa gari lililo nyuma yake: asipoliona kwenye kioo anapunguza, wa mbele yake akiona hivyo naye anapunguza, na habari inamfikia kiongozi bila mtu kupiga kelele. Kwenye njia panda kama ya Chalinze, ambako barabara ya Tanga na Arusha inaachana na ya Morogoro, hakuna anayeondoka kabla ya kuhakikisha kwamba wa nyuma yake ameshika njia sahihi. Na magari kumi hayatakiwi kwenda kwa mkupuo mmoja. Barabara ile hubeba malori ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi pamoja na mabasi ya mikoani, na dereva wa basi anayekuta mnyororo wa magari ya rangi rangi yaliyogandana hana pa kuingia akiwa katikati ya kuwapita. Gawanyikeni makundi ya magari manne au matano, yapishane kwa dakika kadhaa, mkutane kwenye kituo mlichopatana.

Kupita gari lingine ni uamuzi wa kila dereva peke yake. Nalisema kwa uzito kwa sababu ndipo watu wanapofia. Wa mbele akikwambia kwa redio au kwa taa kwamba njia ni nyeupe, anachokiona ni cha kwake, cha sekunde ile. Utakapofika wewe katikati ya lori refu, hali imekwisha badilika. Hata indiketa ya kushoto ya dereva wa lori, ambayo kwetu imezoeleka kama ruhusa ya kupita, isiwe sababu ya kutoka kabla hujaiona barabara kwa macho yako.

Wenzako walikuwa wanakimbilia nini? Kutoka Chalinze hadi Morogoro ni kama kilomita 85. Mtu akienda 80 bila kusimama anatumia dakika 64, na akienda 120, jambo lisilowezekana kihalali wala kiusalama kwenye makazi yale, anatumia dakika 43. Tofauti ni dakika 21, nazo walizitumia kula bila wewe.

Kuhusu gari lako, asikudanganye mtu. Altezza iliuzwa Japani kuanzia mwaka 1998 hadi 2005, na ilipotoka tu ilitwaa tuzo ya gari bora la mwaka nchini humo. Injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na toleo la RS200 lilikuja na gia sita za mkono. Ni gari lililotengenezwa kwa ajili ya mtu anayependa kuendesha.

Kabla ya kuondoka kwenye klabu, uliza hadharani kwenye kundi lao la WhatsApp: katika safari ijayo gari la mwisho litakuwa la nani, na ameagizwa kufanya nini mtu akibaki nyuma? Wakikujibu kwa jina na kwa utaratibu, wape nafasi nyingine. Wakikujibu kwa vicheko, waage kwa heshima utafute wenzako wengine, maana wapenzi wa magari katika jiji hili ni wengi na si wote wako hivyo.

Kila safari inaishia baa

*Assalaam alaykum Mhariri. Mimi na mume wangu tunaishi Mbezi Beach na tuna watoto wawili. Mume wangu ana Mazda Roadster ya viti viwili na ni mwanachama wa klabu inayotoka kwenda Bagamoyo au Kigamboni. Sisi hatunywi pombe, lakini mikusanyiko yao huanza mchana na kuishia baa hadi usiku. Nilipopendekeza familia zishirikishwe niliambiwa klabu ni ya magari, si ya watoto. Mume wangu anaipenda klabu na sitaki kumnyima raha yake. Nifanyeje?*

Wa alaykum salaam, dada. Nimefurahi kwamba hukuanza kwa kutaka aache, kwa sababu mtu anayefanya kazi wiki nzima katika foleni za jiji hili anastahili asubuhi moja ya barabara iliyo wazi, akiwa na watu wanaoelewa kwa nini anaisikiliza injini. Tatizo lenu ni saa walizochagua. Hilo linarekebishika bila ugomvi, na hata wanywaji watafaidika.

Mume wako apendekeze safari ya alfajiri. Dar es Salaam hupambazuka karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na kwa saa hiyo barabara ya Bagamoyo, kupita Tegeta, Bunju na Mapinga, haijajaa bado. Anayetaka kulionja gari lake ndani ya mwendo halali atalionja hapo kuliko saa nane mchana nyuma ya daladala. Wakifika wanywe supu na chapati, watembee mpaka soko la samaki, kisha waende Kaole kuona magofu ya misikiti na makaburi ya kale, na adhuhuri iwakute wamekwisha geuza. Roadster yenu inabeba wawili tu, kwa hiyo wewe na watoto mtahitaji gari la pili. Noah ya jirani au ya shemeji haitaharibu picha ya mtu yeyote. Itangulie dakika kumi kabla ya msafara ili isilazimike kukimbizana na mtu, watoto wakiwa wamefungwa mikanda viti vya nyuma.

Kigamboni nako ni kuzuri kwa familia. Mnaweza kupita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016 na lenye tozo, mkaendelea hadi fukwe za mbele ya Mjimwema. Kivuko cha Magogoni kina raha yake, ila gari lililoshushwa springi huweza kukwaruza bampa kwenye mlango wa pantoni, hivyo wenye magari ya chini mno wapite darajani.

Pombe siwezi kuipamba. Anayeendesha asinywe kabisa, hata moja, na hasa gari lenye nguvu usiku katika barabara ambayo kuna bodaboda zisizo na taa na watu wanaotembea kando wakiwa na nguo nyeusi. Anayetaka kunywa aje kama abiria. Klabu isiyoweza kuliandika sharti hilo katika kanuni zake haistahili kuondoka na watu. Hilo halitokani na dini yako wala yangu. Hata wale wanaoshinda baa wana watoto wanaowasubiri nyumbani.

Na kwa kuwa wanachama wa mji huu ni Waislamu na Wakristo, ratiba ilinganishwe na maisha yao: safari za Jumapili zisikate ibada ya watu, na mwezi wa Ramadhani msafara wa mchana upumzike, mahali pake pawe na futari ya pamoja nyumbani kwa mmoja wao. Nimeona futari za namna hiyo zikiwaleta wake na mama wazazi ambao kabla ya hapo waliijua klabu kwa sauti ya ekzosi tu, na wakaanza kuuliza safari inayofuata ni lini.

Nani alipe bredauni?

*Mhariri, mimi ni mweka hazina wa klabu yetu, naishi Sinza. Katika safari iliyopita gari la mwenzetu lilichemka na kufa karibu na Chalinze, likavutwa na bredauni hadi Dar es Salaam kwa gharama kubwa. Wengine wanataka klabu ilipe, wengine wanasema kila mtu na mzigo wake. Isitoshe, michango yote iko kwenye namba yangu ya simu na sasa nimeanza kusemwa. Nishauri.*

Nianze na la mwisho. Fedha hizo ziondoke kwenye simu yako wiki hii, hata kabla ya kikao, kwa sababu mwaminifu anayeshika fedha za watu peke yake hana namna ya kuthibitisha uaminifu wake. Dawa ya kudumu ni kuisajili klabu. Klabu ya kijamii husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Mkitaka kushindana kimichezo, njia yenu ni Baraza la Michezo la Taifa. Mkiwa na cheti mnafungua akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja. Mpaka hapo, tuma taarifa ya mapato na matumizi kwenye kundi kila mwisho wa mwezi, pamoja na picha za risiti.

Bredauni ni suala la kupatana kabla ya safari, kwa maandishi. Pendekezo langu ni kwamba klabu ilipe kulifikisha gari mji wa karibu wenye fundi na mahali salama pa kulilaza, na kuanzia hapo mwenye gari ajitegemee. Asiyelileta gari lake kukaguliwa jioni ya kuamkia safari asilipiwe chochote.

Ukaguzi huo haumalizi nusu saa, na ungemwokoa mwenzenu. Magari mengi ya mitumba hapa mjini hufika na kulenti yenyewe, yaani maji maalumu ya kupozea injini, kisha kila inapopungua mtu anaongeza maji ya bomba. Mwisho ndani ya rejeta hubaki maji matupu, yanayochemka mapema na kuleta kutu, na foleni ya Mbezi ikifuatwa na mwendo wa barabara kuu ndipo siri inapofichuka. Fungueni mfuniko injini ikiwa ya baridi na mtazame rangi: yakiwa ya kahawia, gari hilo libaki nyumbani.

Kisha angalieni matairi ubavuni. Baada ya herufi DOT na alama nyingine kuna tarakimu nne za mwisho ndani ya kiduara kirefu. Zikisomeka 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, na kwa jua letu tairi hilo ni zee hata kama kashata zake, yaani mikato ya mpira inayokanyaga barabara, zinaonekana nzima. Herufi iliyo mwishoni mwa vipimo ndiyo kikomo cha mwendo: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240. Nimeona gari la nguvu kubwa likiwa na matairi mawili ya V mbele na mawili ya mtumba yasiyofanana nyuma, na mwenyewe akijivunia rimu zake. Angalieni pia spea. Magari mengi ya spoti huja na tairi jembamba la muda, ambalo mwisho wake ni 80 kwa saa, au hayana spea kabisa bali kopo la dawa na pampu ndogo, na dawa hiyo haizibi tairi lililochanika ubavu kwa kuingia shimoni.

Mwisho, bima. Wenye bima ndogo wajue kwamba haitalipa gari lao wenyewe hata senti moja, na wenye bima kubwa wasome maandishi madogo, kwani mikataba mingi huliondoa gari lililoharibika katika mashindano ya mwendo. Video iliyorushwa na mwanachama mwenyewe inatosha kuwa ushahidi.

Kelele za Jumapili

*Ndugu Mhariri, mimi ni mstaafu, mkazi wa Bunju. Jumapili asubuhi hupita magari yenye milio kama ya bunduki. Wajukuu zangu huvuka barabara hiyo kwenda kanisani. Tumewaomba vijana hao wapunguze, wakajibu kwamba magari yao ndivyo yalivyo. Tufanye nini?*

Shikamoo mzee wangu. Jibu walilokupa si la kweli. Mlio ule wa kupasuka hutokea pale mafuta yanapoungulia kwenye ekzosi dereva anapoachia mafuta, na katika magari mengi fundi huuweka kwa makusudi kupitia kompyuta ya injini, mara nyingi baada ya kuondoa mafla ya kiwandani. Kilichowekwa kwa makusudi huondolewa, na hata kabla ya kuondolewa, dereva anayepita makazi kwa gia ya juu na mguu mwepesi hasikiki sana.

Andikeni namba za magari, tarehe na saa, mpeleke serikali ya mtaa ili barua itoke kwa jina la mtaa mzima kwenda kwa trafiki wa wilaya. Malalamiko yenye namba hufanyiwa kazi haraka kuliko ya jumla. Kwa vijana wenyewe nasema hivi: mbio za magari zina wenyewe na zina viwanja na utaratibu wake, na anayezitaka aende kwa waandaaji wa mashindano yanayotambuliwa, ambako barabara hufungwa na daktari husimama kando. Mtoto anayevuka kwenda kanisani hakujiandikisha kushindana na mtu.

Tunataka kwenda Lushoto

*Mhariri, klabu yetu ina Subaru Impreza kadhaa na Toyota 86 mbili. Tunafikiria kwenda Lushoto. Magari ya chini yanafaa?*

Yanafaa, mkichagua wakati. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za lami nyembamba yenye kona nyingi, mkipanda hadi mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Epukeni masika, kati ya Machi na Mei, kwa kuwa udongo na mawe huweza kuporomokea njiani. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo laleni huko angalau usiku mmoja na msijaribu kugeuza siku hiyo hiyo.

Kazi kubwa iko kwenye kushuka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Yakikaa zaidi ya miaka miwili huchemka upesi, na pedali huzama bila gari kusimama. Yabadilisheni kabla ya safari, na mteremkoni shukeni kwa gia ya pili au ya tatu, injini ndiyo ishike gari. Kwenye kona zisizoonyesha mbele pigeni honi, kwani mabasi hutumia barabara yote. Wenye Impreza za tabo wakifika juu waache injini ingurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili tabo ipoe mafuta ya injini yakiwa bado yanazunguka.

Jazeni mafuta Korogwe au Mombo, na anzeni kupanda kabla ya saa tisa alasiri, maana ukungu wa Usambara huweza kushuka jioni na kona zile hazina taa. Na kabla ya kulipia vyumba, pigeni simu mwulize kama njia ya kuingilia hoteli ni ya lami, kwa sababu nyumba nyingi za wageni za kule ziko juu ya vilima na kipande cha mwisho ni cha udongo wenye makorongo, ambacho 86 haitakipita bila kuacha bampa.